Maji ya Mashahidi Watatu

Paukwa!

— Pakawa!

Sikusikia. Wale wa nyuma wameitikia kwa pua. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, hapo sawa. Leo sina ngano ya kuchekesha. Ya sungura mliisikia juzi, mkacheka mpaka mkamwaga uji. Leo kaeni kitako mtulie. Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize kabisa, maana nikishaanza sitaki kusikia kiherehere.

Umemaliza, Mbwana? Haya.

Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa bado wanasemezana, palikuwa na mbuga. Mbuga pana, tambarare, nyeupe. Udongo wake mweupe kama unga wa muhogo. Upande wa machweo palikuwa na majabali meusi, mabaya, hakuna aliyependa kuyatazama. Upande wa mawio hapakuwa na kitu. Mbuga tu, mbuga tu, mbuga tu.

Mvua ikakosa. Wanyama wakasema, itanyesha. Msimu ukaja, ikakosa tena. Wakasema, itanyesha. Msimu mwingine ukaja, ikakosa tena. Safari hii hawakusema kitu.

Mto ukakauka. Bwawa likakauka. Kikabaki kidimbwi kimoja, nacho si maji tena, ni tope. Mzee Nyati, mkuu wa wanyama wote wa mbuga ile, akasimama pembeni kuwapanga foleni.

"Wewe, lamba. Basi. Toka. Wewe, lamba. Basi. Toka. Nimesema toka!"

Lamba, toka. Lamba, toka. Tangu kunapambazuka mpaka jua linazama.

Katika foleni ile alikuwamo Bi Pundamilia na mwanawe. Mwanawe aliitwa Kimilia. Kimilia alizaliwa ndani ya kiangazi kile kile. Mvua hajapata kuiona. Majani mabichi hajapata kuyaona. Miguu yake mirefu, myembamba, na masikio yake makubwa kuliko kichwa.

"Mama, mvua ikoje?"

"Ni maji yanayotoka juu."

"Nani anayamwaga?"

"Nyonya, mwanangu, acha maswali."

"Nanyonya, mama. Hayatoki."

Hayatoki. Mnasikia? Mama hana maji ya kunywa, maziwa atayatoa wapi? Bi Pundamilia alijua. Hakuna aliyemwambia, lakini alijua kwamba maji yasipopatikana upesi, Kimilia atakufa. Alikuwa akimtazama akilala, anahesabu pumzi zake, na moyo wake unauma.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo penye jambo. Wanyama wale walikuwa na sheria. Hakuna kundi kuhama maji, hata yakiwa tope, mpaka mashahidi watatu waape kwamba wameona maji kwingine. Watatu, tena wa koo tatu tofauti. Kila mmoja anasimama mbele ya Mzee Nyati, anapiga kwato chini, ndi! Anasema, "Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa." Wakitimia watatu, neno limekwisha. Kundi linahama. Na shahidi akiapa uongo anafukuzwa kundini, aende akafe peke yake.

Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya waongo. Kulikuwa na fisi mmoja zamani aliyewadanganya wanyama wakaenda kufa, akawala. Wazee wakakaa wakasema, mmoja anaweza kusema uongo, wawili wanaweza kupatana, lakini watatu wa koo tatu, hao hawawezi kupanga uongo mmoja. Sheria nzuri. Mimi siibezi. Waongo iliwaweza.

Tena kulikuwa na kipengele kimoja kingine. Mwenye mbawa haapi. Ndege hapewi ushahidi wa maji. Kwa nini? Kwa sababu ndege akikosea anaruka zake. Mwenye kwato akikosea anakufa. Basi wakasema, anayeapa awe yule atakayetembea.

Siku moja, jua la utosi, joto linafukuta, hata nzi wamechoka. Ngiri alikuwa anatafuta mizizi. Mnamjua ngiri anavyokula? Anapiga magoti. Kweli, anapiga magoti kabisa, pua chini, makalio juu, mkia umesimama. Basi yuko magotini anachimbua, chimbu, chimbu, akainua macho kidogo kutazama upande wa mawio.

Meta! Meta! Meta!

Ngiri akaacha kutafuna. Mbele kule, mbali, maji. Maji mengi! Yanameremeta, yanachezacheza. Na miti imesimama kando yake, na ndani ya maji vivuli vya miti ile, vichwa chini, miguu juu, kama miti inavyoonekana kando ya ziwa lolote.

Ngiri mbio! Tifu-tifu-tifu, vumbi. "Mzee Nyati! Mzee Nyati! Maji!"

"Wapi?"

"Upande wa mawio!"

"Umeona au umesimuliwa?"

Ngiri akapiga kwato, ndi! "Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa."

Shahidi mmoja.

Swala naye alikuwa ameinama pembeni, analamba udongo wenye chumvi. Kusikia vile akainua macho palepale alipo, shingo bado iko chini. Akatazama. Meta, meta, meta. Akaja mbele ya Nyati, ndi! "Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa."

Mashahidi wawili.

Foleni ikavunjika. Kila mmoja anasukuma, kila mmoja anauliza, yako wapi, yako wapi? Mzee Nyati akanguruma. "Kimya! Bado mmoja. Mimi macho yangu yameingia ukungu, siwezi. Nani mwingine ameona?"

Bi Pundamilia akatoka mbele. Akainua kichwa juu, akatazama mawio. Akatazama sana. Aliona mstari mwembamba unaong'aa, mbali huko, mwembamba kama uzi. Basi.

"Mimi naona uzi tu," akasema.

Kimilia alikuwa amelala chini, miguuni pake. "Mama, si hivyo. Shuka huku nilipo mimi. Huku ni mengi."

Bi Pundamilia akainama. Akashusha kichwa mpaka kikawa sawa na cha mwanawe. Akatazama.

Lo! Uzi ukafunguka ukawa ziwa. Maji yametanda, yanapumua, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Machozi yakamtoka Bi Pundamilia. Mtu asiye na maji mwilini, machozi yale sijui aliyatoa wapi.

"Mwanangu," akasema, "utakunywa leo."

Akanyanyuka aende kuapa. Palepale juu ya vichwa vyao, vuuu! Kivuli kikubwa kikapita, na aliyekitupa akatua kwenye kichuguu. Tai.

Nyinyi mnamjua tai. Shingo haina manyoya, macho makali, na harufu yake... haya, tuiache harufu yake. Akafunga mbawa.

"Hodi," akasema.

Hakuna aliyesema karibu.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

Mzee Nyati hata marahaba hakuitika. Watoto, ile ni adabu mbaya, msiige. Akasema tu, "Sema kilichokuleta."

"Msiende," akasema Tai. "Hakuna maji kule."

Makelele! Ngiri anapiga miguno, Swala anarukaruka, wote wanasema kwa pamoja. Nyati akanyamazisha. "Ngiri ameona. Swala ameona. Wewe ni nani wa kusema hawakuona?"

"Sijasema hawakuona. Wameona. Hata mimi nikitua pale chini, nayaona. Meta meta, na miti imepinduka. Lakini nikipanda juu kidogo yanapungua. Nikipanda tena, yanakwisha. Nikiwa juu kabisa naona mchanga. Maji gani yanayokauka ukipanda juu?"

"Basi ni nini kile?" Bi Pundamilia akauliza.

Tai akamgeukia. Nadhani alifurahi, maana haikuwa kawaida yake kuulizwa kitu. "Ni mbingu, Bi Pundamilia. Yale ni mazigazi. Nikueleze. Mchanga ukiungua na jua, unaichoma hewa iliyo karibu nao. Hewa ya chini inakuwa ya moto sana, ya juu yake ina nafuu. Sasa mwanga unatoka mbinguni unashuka chini kwa mshazari. Ukikutana na ile hewa ya moto, haufiki mchangani. Unapinda. Unapinda taratibu, unainuka tena, unakuja kukuingia jichoni. Nalo jicho halijui kwamba mwanga umepinda njiani. Jicho hudhani mwanga umekuja umenyooka siku zote. Kwa hiyo linaiweka ile mbingu chini, juu ya mchanga. Na mbingu ikilala chini, utaiita nini? Utaiita maji."

Wote walikuwa wanafikiri. Hata Ngiri alikuwa anafikiri, na hiyo si kazi yake.

"Na miti iliyopinduka?" Swala akauliza.

"Hiyo hiyo habari. Mwanga wa mti mmoja umekujia kwa njia mbili. Ulionyooka unakuonyesha mti. Uliopinda unakuonyesha mti kichwa chini. Angalieni basi jinsi mlivyoona. Ngiri kapiga magoti. Swala kainama. Bi Pundamilia kashuka mpaka kwa mtoto. Wote mmeona mkiwa chini, mahali pamoja, mnatazama upande mmoja. Nyinyi si mashahidi watatu. Ni shahidi mmoja mwenye midomo mitatu."

Hapo Mzee Nyati akauliza swali. Lilikuwa swali la haki, simlaumu. "Wewe Tai, umejuaje yote haya?"

Tai angeweza kusema lolote. Angeweza kusema amefundishwa na babu yake. Lakini Tai hakujua kupamba maneno.

"Nimejua," akasema, "kwa sababu nimewala wote walioyafuata."

Ee! Hapo ndipo alipoharibu. Wanyama walirudi nyuma, mama wakawaficha watoto. Ngiri akapiga ukelele, "Mnamsikia? Mnamsikia mla maiti? Anataka tubaki hapa tukafie kwenye tope, ili asipate taabu ya kuruka mbali!"

"Ningetaka kula," Tai akasema, "ningenyamaza."

Hakuna aliyelisikia neno hilo. Lilisemwa, watu wazima mlioko nyuma na kahawa zenu, lilisemwa waziwazi, na hakuna aliyelisikia.

"Maji yapo," Tai akaendelea, anapaza sauti. "Chini ya majabali meusi, upande wa machweo. Yamo ndani ya ufa, kivulini, jua haliyafikii. Kwa sababu hiyo hayang'ai. Nikiwa juu nayaona meusi, yametulia."

Wote wakageuka kuyatazama majabali. Hakuna kilichong'aa kule. Wakageuka tena mawio. Meta, meta, meta.

"Mwenye mbawa haapi," Mzee Nyati akasema. "Ndiyo sheria. Bi Pundamilia, ni wewe tu uliyebaki. Umeona au hukuona?"

"Bi Pundamilia," Tai akasema, polepole sasa, "simama wima utazame. Kisha inama utazame. Ziwa la kweli halikimbii mtu akiinua kichwa. Tazama mwenyewe."

Bi Pundamilia akasimama wima. Uzi. Akainama. Ziwa. Akasimama tena. Uzi. Moyo wake ukasita. Ndani kabisa, mahali ambapo mtu hawezi kujificha, alielewa. Nawaambieni alielewa.

Kimilia akamlamba kwato. Ulimi wake mkavu kama gome. "Mama, twende. Si umesema nitakunywa leo?"

Ungekuwa wewe, Sikudhani, ungefanyaje? Usijibu haraka. Huna mtoto.

Bi Pundamilia akapiga kwato. Ndi! "Nimeona kwa macho yangu, sikusimuliwa."

Mashahidi watatu. Neno limekwisha.

Na tazameni, kila mmoja alisema kweli. Ngiri aliona. Swala aliona. Bi Pundamilia aliona. Hakuna aliyesema uongo. Hilo ndilo linaloniuma kila nikiisimulia ngano hii. Angekuwepo mwongo tungemfukuza, tukalala usingizi.

Kundi likahama. Kabla ya kuondoka walikikanyaga kidimbwi kwa furaha, kwata, kwata, kwata, mpaka tope lote likatawanyika likakauka. Wakasema, cha nini tena? Wakaanza kuimba. Mniitikie, mseme "Twayaendea!"

Maji yale!

— Twayaendea!

Yang'aa yale!

— Twayaendea!

Mwana ana kiu!

— Twayaendea!

Kwato zauma!

— Twayaendea!

Wakatembea. Jua liko kichwani, mchanga unachoma kwato. Maji yako palepale mbele, meta meta. Wakatembea. Maji yako palepale mbele. Ngiri akapiga magoti, akatazama, akasema, "Bado kidogo!" Wakatembea. Maji yako palepale mbele. Kadiri wanavyokwenda ndivyo nayo yanavyokwenda.

"Mbona hatuyafikii?" mmoja akauliza.

"Ziwa ni kubwa," Swala akajibu. "Vikubwa huonekana karibu."

Maji yale!

— Twayaendea!

Mnaona? Hata nyinyi mmeanza kuitikia kwa sauti ndogo. Nao hivyo hivyo.

Bibi Nyumbu mmoja, mzee, akakaa chini. Wakamwambia inuka, akasema, "Tangulieni, napumzika kidogo." Wakatangulia. Hawakutazama nyuma. Juu, mbali, kitu cheusi kilikuwa kinazunguka, kinazunguka, kinazunguka. Kisha kikashuka.

Akakaa mwingine. Kitu cheusi kikashuka tena.

Kimilia alikuwa anatembea chini ya tumbo la mama yake, kwenye kivuli. Mwanzo aliimba. Kisha akaacha kuimba. Kisha miguu ikaanza kujikwaa. Tap... tap... tap.

"Mama, yamekaribia?"

"Tembea, mwanangu."

Jua likapinduka. Likaanza kushuka nyuma yao, upande wa majabali. Mchanga ukaanza kupoa. Na mchanga ulipoanza kupoa, hewa ya chini nayo ikapoa, na mwanga ukaacha kupinda. Ziwa likapungua. Likakatika vipande vipande. Kikabaki kipande hapa, kipande pale, kama vidimbwi baada ya manyunyu. Kisha kimoja kikazimika. Kingine kikazimika.

Zii.

Wanyama wakasimama. Mbele yao mchanga. Kulia mchanga. Kushoto mchanga. Miti waliyoiona ilikuwepo kweli, vichaka vitatu vinne vya miiba, vimekauka, chini yake hakuna hata unyevu. Ngiri akapiga magoti. Akatazama. Akahamia pengine, akapiga magoti tena. Akahamia pengine. Alipoinuka uso wake ulikuwa umejaa vumbi na alikuwa analia bila sauti.

Kimilia akaanguka. Pu.

Mzee Nyati akawaendea mashahidi. Alikuwa na hasira, lakini zaidi alikuwa na hofu. "Mliapa," akasema. "Sheria inasema shahidi wa uongo afukuzwe."

"Niliona," akasema Swala.

"Niliona," akasema Ngiri.

Bi Pundamilia hakusema niliona. Alikuwa amesimama juu ya mwanawe anamkinga na upepo. "Nifukuze," akasema. "Wenzangu waliona tu. Mimi niliambiwa nitazame mara mbili, nikatazama, nikajua, nikaapa. Nifukuze mimi."

Mzee Nyati akamtazama Kimilia pale chini. Hakuweza kumfukuza. Akageuza uso.

Vuuu. Tai akatua.

Safari hii hakusema hodi. Wanyama hawakukimbia pia, nguvu za kukimbia hawakuwa nazo. Mdomo wake ulikuwa mwekundu. Hakujisumbua kuufuta.

"Umekuja kutumaliza," akasema Nyati.

"Nimeshiba," Tai akajibu. "Mmenishibisha tangu mchana. Nimekuja kusema kwamba mkigeuka sasa hivi, wakati mchanga umepoa, wenye nguvu watafika majabalini. Mimi nitaruka chini chini, mnione. Kila mkichoka nitatua niwangoje."

"Kwa nini?" Ngiri akauliza. Aliuliza kwa unyonge, si kwa ubishi. "Kwa nini utusaidie, baada ya tuliyokuambia?"

Tai akafikiri. "Sijui," akasema. "Labda nimechoka kuwa na haki mwishoni, wakati hakuna aliyebaki wa kuniambia kweli ulisema."

Mzee Nyati akashusha pembe zake zikagusa mchanga. "Kweli ulisema," akasema.

Bi Pundamilia akauliza, "Na mwanangu?"

Tai alikuwa mtu wa kusema anachokiona. Akamtazama Kimilia kwa macho yale makali. Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akatazama pembeni. Na hilo lilikuwa jibu.

Kundi likageuka. Hakuna aliyeimba. Walikokota miguu kurudi kule walikotoka, nyuma ya ndege waliyemtukana mchana. Bi Pundamilia hakwenda. Mzee Nyati akamwita, hakwenda. Akamwita tena. Bi Pundamilia akapiga magoti taratibu, akalala chini, ubavu wake kwenye ubavu wa mwanawe.

Jua lilikuwa jekundu, limebaki kipande. Kimilia akafumbua macho.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Maji bado yapo? Mimi siyaoni tena."

Bi Pundamilia akatazama. Alitazama kama mtu anayetazama kweli, kwa sababu mtoto alikuwa anamtazama usoni. Mchanga. Giza linaingia. Mchanga.

"Yapo," akasema. "Mengi. Yamefika karibu kabisa. Lala kidogo, nitakuamsha tukanywe."

"Kweli umeyaona?"

"Nimeyaona kwa macho yangu."

Kimilia akalala.

Huo ndio uongo pekee uliosemwa siku ile, tangu asubuhi mpaka jua linazama. Na mimi sitamruhusu mtu yeyote hapa kumlaumu mama yule kwa uongo huo. Kwa kiapo cha mchana, mlaumuni mkitaka. Kwa huu, hapana.

Wanyama waliofika majabalini walikuwa wachache. Wakaingia ndani ya ufa, gizani, wakakanyaga mawe, wakasikia chubwi! Maji. Meusi, baridi, hayang'ai hata kidogo. Wakanywa, wengine mpaka wakatapika, wakanywa tena.

Kesho yake jua likiwa limeshapanda, Bi Pundamilia akafika. Peke yake. Wakampisha njia.

Kabla hajanywa alimwendea Tai. "Nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usipite kule."

"Sitapita," Tai akasema. Halafu, kwa kuwa alikuwa Tai, akaongeza, "Lakini mbuga hii ina tai wengi, Bi Pundamilia."

Bi Pundamilia akatikisa kichwa kwamba amesikia. Akashuka kwenye maji. Akanywa. Akanywa kwa muda mrefu, na mwili wake uliokauka ukapokea. Akanywa siku ile, akanywa siku iliyofuata.

Siku ya tatu, asubuhi, maziwa yakarudi. Yakajaa, yakauma, yakaanza kudondoka yenyewe juu ya mawe. To. To. To.

Mmekuwa kimya. Vizuri.

Sheria ile waliibadilisha. Mashahidi wakabaki watatu, ila mmoja wao akatazame kutoka mahali pengine, juu, au upande wa pili, na hata mwenye mbawa aulizwe. Mzee Nyati mwenyewe ndiye aliyeitangaza. Ilipotangazwa, Bi Pundamilia hakuwepo. Alikuwa ameenda kusimama mbali na wenzake, na tangu siku hiyo hakuinamisha kichwa kutazama mbali tena, hata kwa mzaha.

Funzo lake ni hili, nalisema waziwazi msije mkasema Bibi aliwaficha. Jicho lako halikudanganyi, lakini halijui mwanga umepita njia gani kulifikia. Macho mengi yaliyosimama mahali pamoja ni jicho moja tu. Ukitaka kujua kweli, hama uliposimama, utazame tena. Usipoweza kuhama, muulize aliye mahali pengine, hata kama humpendi, hata kama ananuka. Na mtu akikwambia kweli inayomnyima yeye chakula chake, simama umsikilize.

Hadithi yangu nimeitua hapo, sina zaidi. Mwenye kiu aende akanywe, maji yamo mtungini. Anza wewe, Sikudhani, kisha umpe na mdogo wako.